Ongeza kimoja tu, mdogo wangu

Mdogo wangu wa kijiji cha Raila, pale Kibera, barua yako nimeisoma na imenifurahisha. Unasema uliandika skripti fupi ya Python inayopitia faili ya logi na kukutolea makosa peke yake: kosa limetokea saa ngapi, kwenye faili gani, mstari wa ngapi, na limejirudia mara ngapi. Uliiandika kwa shida yako mwenyewe. Sasa wenzako wa darasani wanaitumia, mmoja wa Kawangware ameipeleka hadi kazini, na kila mtu amekuja na ombi lake. Huyu anataka grafu na rangi kwenye kivinjari. Yule anataka imtumie SMS kosa likitokea usiku. Mwingine anataka akili unde imweleze kosa na kumrekebishia kabisa. Unaniuliza: dada, niongeze au niache?

Ongeza kimoja ambacho hakimo kwenye maombi hayo, nitakwambia kipi. Hayo waliyoomba yakatae kwa upole.

Kwanza nikupe kisa ambacho kila anayegusa logi anapaswa kukijua. Kuna maktaba ya Java inaitwa Log4j. Kazi yake ni kuandika logi, basi, na programu nyingi mno duniani zinaitegemea. Mwaka 2013 ikaongezewa kipengele kwa ombi la mtumiaji: maneno yenye umbo fulani yakionekana ndani ya ujumbe wa logi, maktaba iende kutafuta taarifa zake mahali pengine, hata kwenye seva ya mbali. Aliyeomba hakuwa na nia mbaya, na waliokubali walitaka kusaidia. Kipengele kikakaa humo miaka minane. Desemba 2021 ikabainika hadharani kwamba mtu yeyote angeweza kuandika mstari mmoja mfupi kwenye kisanduku cha kuingiza jina, mstari huo ukaingia kwenye logi, na seva ikaenda yenyewe kuchukua msimbo wa mshambulizi na kuuendesha. Hatari yake ilipewa alama 10 kwa 10, alama ya juu kabisa. Mwezi ule wahandisi kila pembe ya dunia walikesha wakiziba tundu ambalo wengi wao hawakujua hata kama wanalo.

Shika hapo. Logi imejaa maneno yaliyoandikwa na watu usiowajua. Chombo chako kinayasoma na kuyaonyesha, hakifanyi zaidi ya hapo, na huo ndio usalama wake. Siku utakapokiruhusu kutuma kitu nje, kufungua akaunti au kurekebisha msimbo chenyewe, kitakuwa chombo kingine kabisa, na makosa yake utayasaka kwa kutumia nini?

Tena fikiria kinatumika lini. Hakuna anayefungua logi akiwa ametulia. Anaifungua mteja anapolalamika na bosi anapopiga simu, pengine bando limeisha na stima imepotea, kompyuta imebaki na chaji kidogo. Wakati huo anachohitaji ni amri moja na jibu pale pale bila intaneti. Chochote kinachomwongezea hatua kati ya kosa na mstari uliolisababisha kinamchelewesha.

Sasa kile cha kuongeza: kuficha namba za simu. Umeniambia wengi wenu mnaunganisha programu za wateja na M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Basi unajua majibu yanayorudi yanaweza kuja na namba ya mteja inayoanza na 254, kiasi alicholipa na namba ya muamala. Mtu akikwama hufanya nini? Ananakili kipande cha logi na kukibandika kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Namba ya mama mboga wa watu imeshasambaa kwa watu mia. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, yule mama hakukubali namba yake itembee hivyo. Fanya chombo kifunike tarakimu za katikati bila kuombwa, na anayetaka kuziona zote ndiye aombe. Ni mistari michache ya msimbo, na haihitaji intaneti.

Na kama kuna anayetaka tafsiri ya namba za makosa ya M-Pesa, kwamba 1032 ni mteja aliyeghairi, 1037 ni simu ambayo haikujibu, 2001 ni PIN isiyo sahihi: ombi lake ni zuri ila mahali pake si ndani ya msimbo wako. Ziweke kwenye faili ya maandishi ya kawaida kando, kila mtu aongeze zake. Zikibadilika, huitwi usiku.

Na wa SMS usimfukuze. Acha chombo kitoe maandishi matupu, mstari kwa mstari, yanayoweza kupokewa na programu nyingine. Mfumo wa Unix unaruhusu hilo tangu 1973. Yeye aandike skripti yake inayopokea matokeo na kuyapeleka Africa's Talking, huduma ya kutuma SMS. Wa akili unde naye akishapata matokeo yaliyofichwa namba, ayapeleke anakotaka. Ila mwambie bila kumuumiza: anayeanza kazi hii asipojifunza kusoma kosa mwenyewe, atabaki kuombaomba.

Jambo moja zaidi, na hili nalipenda sana. Usisikilize maombi tu, tazama watu wanavyokitumia. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio hapa kwetu mwaka 2005, iliundwa kwa ajili ya wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu kulipa mikopo midogo. Waliokuwa wakiiendesha wakaona watu wanatumiana pesa kwa shughuli zao wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na kutuma pesa ndiko kulikobaki mbele. Mikopo ya M-Shwari ilikuja Novemba 2012, wakati Wakenya wamekwisha kuizoea huduma yenyewe. Kwa hiyo kaa na huyo wa Kawangware, mwombe akuonyeshe kosa la mwisho alilolisaka, hatua kwa hatua, nawe usiseme neno. Anaponakili kitu kwa mkono au anaporudia amri ile ile, hapo ndipo penye kazi yako.

Anza na hilo la namba wiki hii. Likikamilika, waandikie wenzako kwa heshima kwamba mengine umeyasikia na kwa sasa huyaongezi, kisha uniandikie tena unieleze walisemaje.