DAWA ZA CHUNUSI: MMEA PEKE YAKE HAUMRUDISHI MTEJA

Mfanyabiashara wa vipodozi wa Tarime, Sirari au Mugumu anapoletewa dawa ya mitishamba ya chunusi, maswali ya kwanza huwa jina la mmea na bei ya jumla. Lipo swali la tatu, nalo ndilo linaloamua kama mteja atarudi: je, dawa hiyo inaingia ngozini?

Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta. Matofali yake ni seli zilizokufa na udongo unaoyashikanisha ni mafuta. Chunusi huanzia chini ya ukuta huo, ndani ya kitundu cha kinyweleo kilichoziba. Dawa inayobaki juu haifiki penye tatizo.

Hapo ndipo mchanganyiko unapohusika. Ute wa mshubiri karibu wote ni maji, hivyo peke yake hupenya kwa shida. Kiini cha manjano hakiyeyuki vizuri katika maji. Kisipoyeyushwa kwanza kwa mafuta au spiriti, hubaki kutia rangi nguo. Mafuta mazito nayo huweza kuziba vitundu. Dawa ni kuyavunja mafuta yawe matone madogo sana ndani ya jeli au losheni nyepesi. Spiriti husaidia kupenya, lakini ikizidi hukausha na kuwasha.

Mwaka 1990, nchini Australia, wagonjwa 124 walijaribiwa jeli yenye asilimia 5 ya mafuta ya Tea Tree (si mchai wetu) na losheni ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Zote zilipunguza chunusi. Ile ya mmea ilichelewa kufanya kazi, lakini madhara yake yalikuwa machache.

Tahadhari: njia inayopitisha dawa hupitisha na sumu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Tangu 2019 vipodozi husimamiwa na TBS na dawa na TMDA. Tiba asili ina Baraza lake chini ya sheria ya 2002.

Mwenye mtaji mdogo anashauriwa kuanza na katoni moja. Aikatae chupa isiyotaja viambato, au ambayo mafuta yameelea juu. Mafuta ya Tea Tree yakipigwa na jua na hewa huharibika na kuwasha ngozi, hivyo yasianikwe mezani gulioni. Katoni ya bei nafuu inayododa ni hasara.