Lenzi ya Milimita 50 Baada ya Filamu

Aliyekuwa akipiga picha enzi za filamu, kisha akaiweka kamera kabatini kwa miaka mingi, hukutana na jambo la kutatanisha siku anaporudi. Amenunua kamera ya kidijitali ya mtumba, aina ya DSLR, na kuifunga lenzi yake ya zamani ya milimita 50. Anasimama palepale alipozoea kusimama akiwapiga picha watu wa nyumbani wakiwa wameketi barazani, na wawili wa pembeni hawaingii. Lenzi ni ileile na umbali ni uleule, lakini picha imebanwa. Anayetaka kujua sababu hana budi kuanza mbali kidogo, kabla ya lenzi kuwapo.

Chukua sanduku lisilopitisha mwanga. Toboa tundu dogo upande mmoja, na upande wa pili, kwa ndani, bandika karatasi nyeupe. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Kama mbele ya sanduku kuna mnazi, mwanga utokao kileleni hupita tunduni ukishuka, na ule utokao shinani hupita ukipanda. Mnazi huonekana karatasini ukiwa kichwa chini, na kulia kwake kumekuwa kushoto. Umbo hilo lililoundwa na mwanga huitwa taswira. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alizipanga taa mbele ya tundu la namna hii akaona kwamba mwanga wa kila taa hushika njia yake bila kuchanganyika na wa nyingine. Kamera zote, hata ya simu, zinasimama juu ya jambo hilo.

Sasa tuangalie vipimo. Mistari ya mwanga inayokutana tunduni huunda pembetatu mbili zinazofanana kwa umbo: kubwa iko nje, ndogo iko ndani ya sanduku. Katika pembetatu zinazofanana, uwiano wa upana kwa urefu ni mmoja. Maana yake ni kwamba upana wa eneo linaloonekana, ukigawanywa kwa umbali wake kutoka tunduni, ni sawa na upana wa karatasi ukigawanywa kwa umbali wa karatasi kutoka tunduni. Msomaji aichore kanuni hii kwa penseli kabla ya kuendelea, kwa sababu jibu la swali letu limo ndani yake.

Tundu dogo lina kasoro: hupitisha mwanga kidogo mno. Ukilipanua, mwanga unaongezeka lakini taswira inakuwa na ukungu, kwa kuwa mwanga kutoka nukta moja ya mnazi sasa hutawanyika karatasini na kuwa doa. Lenzi huondoa kasoro hiyo. Ni kioo kilichovimba katikati, ambacho hupinda miale iliyoingia kwa mapana na kuikusanya tena mahali pamoja. Kitu kikiwa mbali sana, miale yake hukusanyika kwenye umbali maalumu nyuma ya lenzi, na umbali huo huitwa urefu wa fokasi. Tarakimu 50 iliyoandikwa kwenye lenzi ndiyo huo, milimita 50. Kipimo hicho kimo katika umbo la vioo vyenyewe, na hakuna kamera inayoweza kukibadilisha.

Basi tupige hesabu. Katika kamera za filamu zilizoenea tangu Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, kila picha ilichukua upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Gawanya 36 kwa 50, unapata 0.72. Baraza likiwa mita 5 kutoka kwenye lenzi, zidisha 0.72 kwa 5: picha inabeba upana wa mita 3.6. Ndani ya DSLR nyingi za bei nafuu, mahali pa filamu pamekaa kihisi, yaani bamba dogo la silikoni linalopokea mwanga, na upana wake ni takriban milimita 23.5. Gawanya kwa 50, zidisha kwa 5, unapata mita 2.35. Imepungua zaidi ya mita moja, na hao wawili wa pembeni walikuwa wameketi ndani ya mita hiyo.

Husemwa sana, hata na wauzaji wazoefu, kwamba lenzi ya 50 ikifungwa kwenye kamera hizi inageuka kuwa ya 75. Kauli hiyo inapotosha, na inafaa kuachwa. Lenzi inaunda taswira ileile iliyoiunda miaka yote. Kihisi kinachukua sehemu ya katikati tu, kama mtu aliyeikata kingo picha iliyokwisha kusafishwa. Ile 75 ni namna ya kulinganisha tu: lenzi ya milimita 75 kwenye filamu ingebeba upana uleule mdogo. Anayetaka baraza lake lote, bila kurudi nyuma hadi mita 7 na zaidi, atafute lenzi ya milimita 35, itakayombebea karibu mita 3.4. Au anunue kamera yenye kihisi cha 36 kwa 24, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

Tundu la lenzi nalo lina nambari yake, na hapa wengi hukwama kwa sababu nambari ikiongezeka mwanga hupungua. Nambari hiyo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ina nambari 2. Tundu likibanwa hadi milimita 12.5, nambari inakuwa 4. Kipenyo kimepungua kwa nusu, lakini eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo mwanga umebaki robo. Ndiyo maana nambari zilizochongwa kwenye pete ya lenzi hufuatana hivi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu. Kwa kuwa urefu wa fokasi haukubadilika, nambari hizi nazo hazikubadilika, na mazoea ya zamani yanafaa kama yalivyo.

Kilichobadilika kweli ni kinachotokea mwanga unapofika. Katika filamu, mwanga uliigeuza chumvi ya fedha, na dawa za chumba cha giza zikamalizia kazi. Katika kihisi, mwanga unaopiga silikoni hung'oa elektroni, nazo hukusanywa katika mamilioni ya vishimo vidogo, kila kimoja kikiwa pikseli moja. Palipo na mwanga mwingi hujaa elektroni nyingi. Vishimo havitambui rangi, kwa hiyo kila kimoja hufunikwa na kichujio cha kijani, chekundu au cha bluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya vichujio ni kijani, kwa kuwa jicho la binadamu huona kijani kwa wepesi zaidi.

Kipimo cha ISO, kilichokuwa tabia ya filamu nzima ya picha 36, sasa hubadilishwa kwa kila picha. Kukipandisha hakukifanyi kihisi kishike mwanga zaidi. Kamera hukuza tu ishara iliyopatikana, na pamoja nayo hukuza chembechembe zinazoonekana sehemu za giza.

Kuhusu kioo kilicho ndani ya DSLR, nyuma ya lenzi, hakuna jipya kwa aliyetumia kamera ya filamu yenye kioo kama hicho. Kimelala kwa pembe ya nyuzi 45, kinapeleka taswira juu kwenye mche wa kioo unaoigeuza ikae wima, kisha kinainuka kabla ya pazia lililo mbele ya kihisi kufunguka. Kioo kinahitaji nafasi ya kuinukia, ndiyo sababu lenzi hukaa mbali kiasi na kihisi. Katika kamera za Nikon zenye kioo umbali huo ni milimita 46.5, nao haujaguswa tangu mwaka 1959. Hata hivyo, lenzi za Nikon za kabla ya 1977 zinaweza kuvunja kijino kwenye baadhi ya DSLR. Zisifungwe kabla ya fundi kuzikagua. Canon ilibadilisha kifungio chake mwaka 1987, kwa hiyo lenzi zake za kabla ya hapo haziingii moja kwa moja.

Baadhi ya DSLR ndogo hazipimi mwanga zikifungwa lenzi ya zamani. Juani, mchana mweupe, anza na tundu 16, ISO 100, na pazia la sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Tazama picha, kisha rekebisha hatua moja moja. Kabla ya hayo yote, ishike lenzi mkononi, fungua tundu lote, uitazame ikielekea dirishani. Kwenye unyevu wa pwani, lenzi iliyokaa kabatini mara nyingi huota kuvu, nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui kati ya vioo. Ukiziona, mpelekee fundi mapema, maana kuvu ikidumu hula kioo chenyewe.

Hesabu ya baraza inaweza kuthibitishwa mchana mmoja. Weka kamera mita 5 kutoka ukutani, ikitazama ukuta sawasawa, na upige picha moja. Usitegemee unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia, kwa sababu katika DSLR nyingi hakionyeshi picha nzima. Ifungue picha kwenye kioo cha nyuma, tafuta alama za ukuta zilizoangukia kingo za kushoto na kulia, kisha pima baina yake kwa futi. Kwa kihisi cha milimita 23.5, futi itasoma karibu mita 2 na sentimita 35.