Alama kwenye Kamba na Vifaa vya Kupandia

Katika misitu ya miombo ya Handeni, mrina asali mara nyingi hupanda mti usiku. Giza huchaguliwa kwa sababu nyuki huwa watulivu zaidi, na mzinga hushushwa kwa kamba hadi kwa mwenzake anayesubiri chini. Kazi hiyo hufanywa kwa ushirika: kamba ya huyu, ndoo ya yule, mkanda wa kikundi. Kukicha vifaa hugawanywa, na hapo kamba mbili zilizokatwa kutoka bunda moja, katika duka moja, huonekana kama mapacha. Huyu huondoka na ya yule bila nia mbaya yoyote.

Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa dogo, kwa kuwa urefu ni ule ule na bei ni ile ile. Hata hivyo, kamba moja yaweza kuwa ya mwezi uliopita, na nyingine imekwisha kutumika misimu mitatu, ikanyeshewa, ikalala stoo karibu na betri ya pikipiki. Tindikali ya betri huila nailoni bila kuacha doa linaloonekana kwa urahisi. Jua kali nalo huidhoofisha polepole. Kamba ya katani, ile itokayo kwenye mkonge wa mashamba ya Korogwe, huoza kwa unyevu kuanzia ndani ya misokoto, huku nje ikiendelea kuonekana nzima. Anayepanda kwa kamba asiyoijua anautegemeza uhai wake juu ya mambo yaliyotokea wakati yeye hayupo.

Kwa sababu hiyo, alama njema kwenye kifaa cha kupandia hujibu maswali mawili kwa pamoja: ni cha nani, na kimeanza kutumika lini. Alama inayotaja jina peke yake imefanya nusu ya kazi. Haja hiyo si ya warina asali tu. Wakwezi wa minazi, wachuma maembe, mafundi wa minara ya simu na wale wapandao nguzo za umeme, wote hutumia vifaa vinavyofanana sana na vya wenzao.

Desturi ya kutia alama ni ya kale katika Afrika Mashariki. Wakamba wa Kenya walitia alama za ukoo kwenye mishale, ng'ombe na mizinga yao, hata mzinga uliotundikwa mbali na makazi ukajulikana ni wa ukoo gani. Kwa upande wa mifugo, Tanzania ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010. Kamba ya mkulima haina sheria ya namna hiyo, na pengine haiihitaji. Inamhitaji mwenyewe achukue nusu saa kabla ya kuitumia mara ya kwanza.

Kwa kamba ya kusokotwa, iwe ya katani au ya nailoni, liko somo zuri kutoka mbali. Katika zama za merikebu za matanga, Jeshi la Majini la Uingereza lilisumbuliwa na wizi wa kamba bandarini. Dawa iliyopatikana ilikuwa kusokota uzi mmoja wa rangi ndani ya kamba zake tangu kiwandani, kila kiwanda na rangi yake. Mwizi angeweza kuikata kamba vipande kumi, na kila kipande kingeendelea kumsuta. Mwanakijiji hana kiwanda, lakini anaweza kuiga wazo hilo. Misokoto hufunguliwa kidogo kwa vidole, uzi imara wa rangi hupitishwa katikati yake bila kukata nyuzi za kamba, kisha misokoto huachwa ijifunge. Uzi huo ukiwekwa karibu na kila ncha, na tena mahali pawili au patatu katikati, kamba iliyoibwa na kukatwa haitapoteza utambulisho wake wote. Ncha zenyewe huzungushiwa uzi wa kubana ili zisifumuke. Idadi ya mizunguko hiyo yaweza kuwa alama pia: mafungu mawili kwa mwenye kamba mmoja, matatu kwa mwingine. Alama ya namna hii husomeka kwa kidole, faida isiyo ndogo kwa mtu afanyaye kazi gizani huku macho yake yakiwashwa na moshi.

Kamba za kisasa za kupandia, zenye kiini cha nyuzi ndani na ganda lililofumwa nje, hazifunguliwi namna hiyo, na wala zisitobolewe kwa sindano. Hizi hutiwa alama kwenye ncha tu. Kipande cha karatasi chenye herufi za jina, kijiji, mwezi na mwaka wa kuanza kutumika hulazwa juu ya ncha na kuzungushiwa tepu angavu. Kosa linalofanywa na wengi ni kuchora katikati ya kamba kwa kalamu ya wino mzito ili kuonyesha nusu yake. Shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, lilikwisha kutahadharisha juu ya jambo hilo: majaribio yalionyesha kwamba vimiminika vya kalamu hizo vinaweza kupunguza hadi asilimia 50 ya uwezo wa kamba kuhimili maporomoko, na hata baadhi ya kalamu zilizouzwa mahsusi kwa ajili ya kamba zilileta madhara. Rangi ya mlango, rangi ya kucha na petroli ya kusafishia zisikaribie nyuzi kabisa. Ni afadhali kamba isiyo na alama kuliko kamba iliyodhoofishwa na alama yake.

Tahadhari hiyo hiyo yahusu mkanda wa kupandia. Maandishi huwekwa kwenye kile kitambaa kidogo cha lebo kilichoshonwa na mtengenezaji, kamwe si kwenye utepe unaobeba mwili wala kwenye mishono yake. Kofia ngumu isipakwe rangi wala kubandikwa vibandiko ovyo, kwa kuwa kemikali za baadhi ya rangi na gundi huifanya plastiki iwe kavu na kupasuka kirahisi. Jina liandikwe kwenye lebo ya ndani, ikiwapo.

Vyuma ni rahisi zaidi. Kulabu yenye mlango unaojifunga huzungushiwa tepu ya rangi kwenye mgongo wake, yaani upande ulio mkabala na mlango. Tone la rangi laweza kutumika badala ya tepu, mradi lisiingie kwenye bawaba, kwenye springi, wala mahali kamba inapopita. Kupigilia herufi kwa nyundo na patasi, kama ifanywavyo kwa majembe, hakufai hapa: kovu hilo laweza kuwa mwanzo wa ufa. Namba iliyochapwa na kiwanda isifunikwe. Ni kitambulisho cha bure, na yafaa kunakiliwa.

Rangi moja haitoshi. Tepu nyekundu ndiyo ipatikanayo kila duka, na katika kikundi cha watu kumi wanne wataichagua. Rangi mbili kwa mpangilio maalumu, kwa mfano njano kisha bluu, hupunguza sana mgongano, na kikundi kikikaa pamoja siku moja na kugawana mipangilio, ugomvi mwingi huisha kabla haujaanza. Mizinga ya mbao, kwa kuwa haimbebi mtu, huchomwa herufi kwa chuma cha moto upande wa nje.

Alama huimarika ikiwa na daftari nyuma yake. Kwa kila kifaa huandikwa aina, urefu, mpangilio wa rangi, namba ya kiwanda, tarehe ya kununuliwa na jina la aliyekiazima. Huandikwa pia kila tukio lisilo la kawaida: kamba iliyozuia mtu aliyeteleza, kulabu iliyoanguka juu ya jiwe. Katibu wa kikundi ndiye mtunzaji anayefaa, na stakabadhi za ununuzi zikae pamoja na daftari hilo. Kifaa kinapopotea, maelezo ya namna hiyo yakipelekwa kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi yana uzito kuliko kusema tu kwamba imepotea kamba nyeupe. Alama pekee yaweza kubishaniwa. Alama iliyoandikwa daftarini kabla ya ubishi ni vigumu kuikana.

Kwa waajiri, kama vile kampuni zinazowapandisha mafundi kwenye minara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 huwawajibisha kulinda usalama wa wafanyakazi wao. Kampuni isiyoweza kusema mkanda fulani ulinunuliwa lini itapata shida kuthibitisha kwamba mkanda huo bado unafaa.

Hubaki suala la kifaa kinachobadili mkono au kinachostaafu. Kikiuzwa, alama ya zamani iondolewe mbele ya mnunuzi na hati fupi ya mauziano iandikwe, pamoja na mwaka kifaa kilipoanza kutumika. Kamba iliyochakaa isitupwe ikiwa nzima, kwani mwingine ataiokota na kuipandia. Hukatwa vipande vifupi visivyoweza kufika hata tawi la kwanza, na vipande hivyo hutosha kufungia mbuzi.