Somo: Kwa nini wali mmoja unashikamana na mwingine unaachana?

Wandugu walimaji, magunia mawili ya mpunga yanaweza kufanana kwa macho. Lakini kwenye chungu, wali wa gunia moja unashikamana, wa lingine unaachana punje kwa punje. Mnunuzi akikuta vimechanganyika, anateremsha bei. Sababu moja kubwa iko ndani ya mbegu.

Jeni imepangwa namna gani?

Ndani ya mbegu kuna maagizo yaliyoandikwa katika ADN. Agizo moja linaitwa jeni. Kwa mimea, wanyama na sisi watu, jeni nyingi hazikuandikwa kwa mfululizo. Kuna vipande vyenye kubakia katika ujumbe: ni egzoni. Katikati yao kuna vipande vyenye kutolewa: ni introni.

Mmea unafanya kwanza kopi ya jeni, inaitwa ARN. Halafu unakata introni na kuunganisha egzoni, sawa vile fundi anakata kitenge na kushona vipande anavyohitaji. ADN yenyewe haiguswi. Na pa kukata panajulikana namna gani? Kuna alama: karibu kila introni inaanza na herufi GT na kuisha na AG.

Mfano wa mpunga

Jeni ya mpunga yenye jina Waxy inasaidia kutengeneza amilozi, ule wanga wenye kufanya wali uachane. Iko na egzoni 14 na introni 13. Katika mbegu nyingi za aina ya japonika, herufi moja ilibadilika mwanzoni mwa introni ya kwanza: GT ikakuwa TT. Alama imeharibika, kopi nyingi hazikatwi vizuri, amilozi inapunguka, wali unashikamana. Herufi moja tu, tena ndani ya kipande chenye kutupwa! Basi tusiseme introni haina maana.

Tufanye nini?

Mbolea haiwezi kurudisha herufi hiyo. Kwa hiyo:

1. Musichanganye mbegu za aina mbalimbali, hata kama zinafanana.
2. Kabla ya kupanda, mukoboe kidogo kutoka kila gunia, mupike kikombe kimoja kimoja, maji sawa, moto sawa. Mulinganishe mpunga wa mavuno ya musimu mmoja. Musipike hata kidogo mbegu iliyotiwa dawa.
3. Muandike jina la mbegu kwenye kila gunia.

Swali la kikundi: wanunuzi wetu wanapenda wali gani, wa kushikamana ao wa kuachana?