SOMO LA MWEZI: UTAMU WA DIVAI HUTOKA SHAMBANI

Wengi wenu, wakulima wa maskimu, mna ndugu Kisumu Ndogo, mtaa wa Kibera mjini Nairobi. Huko mjini divai tamu za Ufaransa huuzwa madukani, na wako wasemao kwamba zimetiwa sukari ya dukani. Sivyo. Utamu wake hutoka shambani, na mkulima huupata kwa kungoja, pengine kwa hasara. Yafaa tujue jinsi anavyofanya, maana iko faida kwetu sisi tuuzao mazao.

KWANZA TUIJUE HAMIRA

Chukua mfano wa busaa. Unga wa mahindi huchachishwa, hukaangwa, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi. Siku ya kwanza busaa ina utamu kidogo. Siku zifuatazo utamu hupungua, ukali huzidi, na mwisho huwa chachu. Utamu umekwenda wapi? Umeliwa na hamira. Hamira ni kitu chenye uhai, kidogo mno hata hakionekani kwa macho. Hula sukari na kutoa kileo.

Divai ni vivyo hivyo. Maji ya zabibu yakiachwa yachache mpaka sukari yote iishe, divai haiwi na utamu. Basi atakaye divai tamu hana budi kupata sukari nyingi kuliko hamira iwezavyo kula, au kuizuia hamira mapema. Wafaransa wana njia tatu.

1. KUVU. Huko Sauternes, kusini ya mji wa Bordeaux, mto mdogo wa Ciron wenye maji baridi huingia katika mto mkubwa wa Garonne. Majira ya mavuno ukungu hutanda asubuhi, na mchana jua huwaka. Unyevu huo huleta kuvu iitwayo Botrytis cinerea, ile ile inayoozesha stroberi na mawaridi huku kwetu. Kuvu hutoboa ganda la zabibu, maji hukauka kwa jua, na sukari hubaki. Lakini mvua ikizidi, zabibu huoza kabisa.

Wavunaji hupita shamba lile lile mara kadhaa, wakichuma zile tu zilizonyauka vizuri. Sheria hairuhusu zaidi ya lita 2,500 kwa hekta, yaani kama lita 1,000 kwa eka. Shamba la Château d'Yquem, lililowekwa juu ya mengine yote ya Sauternes katika orodha ya mwaka 1855, hupata karibu glasi moja tu kwa kila mzabibu. Mwaka 1992, na tena 2012, hali ya hewa ilikuwa mbaya, na wenyewe hawakuuza hata chupa moja ya mavuno hayo kwa jina hilo. Waliona afadhali kukosa fedha za mwaka mmoja kuliko kuharibu jina.

2. KUANIKA. Huko Jura zabibu huvunwa, kisha huwekwa juu ya majani makavu au hutundikwa mahali penye hewa, kwa muda wa majuma sita au zaidi, kabla ya kukamuliwa. Ni kama tunavyoanika omena: maji hutoka, kilicho kizuri hubaki.

3. KUZIMA HAMIRA. Huko Rivesaltes na Beaumes-de-Venise, divai ikiwa bado inachacha, hutiwa spiriti kali iliyotengenezwa kwa zabibu. Hamira hufa, na sukari iliyobaki haina wa kuila.

ONYO: Njia hii ya tatu isijaribiwe nyumbani. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli, ambayo ni sumu. Tena, kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, kutengeneza vileo vya kuuza kwataka leseni.

JINSI INAVYONYWEWA

Divai hii si ya kukata kiu. Huwekwa katika glasi ndogo, ikiwa baridi, na kunywewa polepole baada ya chakula, pamoja na matunda, keki au jibini kali. Asiye na friji aweke chupa katika karai la maji baridi na kuifunika kwa kitambaa kilicholowa. Ni tamu, lakini kileo chake mara nyingi ni asilimia 13 au zaidi. Mtoto, mama mja mzito na dereva wasinywe.

FAIDA KWETU

Mizabibu si migeni Afrika ya Mashariki. Iko Naivasha, na Dodoma wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini hata asiye na mzabibu ana la kujifunza. Mnunuzi hulipa kwa uzuri wa zao, na uzuri huo huja kwa kungoja zao likomae na kwa kuchagua. Atiaye maembe mabichi chini ya kikapu na mabivu juu huuza mara moja tu. Na kama jina lililoandikwa juu ya kikapu ni la chama cha ushirika, amewaharibia wenzake wote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini busaa hupoteza utamu wake?
2. Kuvu ya Botrytis huleta faida wakati gani, na hasara wakati gani?
3. Katika shamba lako, ni zao gani unaloliuza kabla halijakomaa, na kwa sababu gani?