Kuvuka ziwa bila muhuri: mwanasheria anajibu

Nilivuka ziwa usiku kwa mtumbwi kutoka Kyavinyonge, Kongo, hadi Uganda. Sikupita kituo cha mpaka cha Kasindi, sina muhuri. Je, haki ya ukimbizi imenipotea?

Haijapotea, mama. Uvumi huu wa muhuri unawafanya watu wa Beni wajifiche porini kama wezi. Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu anayetoka moja kwa moja mahali ambapo maisha yake yako hatarini, hata kama ameingia bila ruhusa, mradi ajitokeze haraka na kueleza sababu. Anayekimbia mapanga ya waasi wa ADF atasimama wapi kungoja muhuri? Sheria ya Uganda ya 2006 inakupa siku 30 za kuomba hifadhi tangu uingie. Kinachoponza watu ni kukawia: wiki kadhaa kwa shemeji Bwera, kisha biashara ya samaki Katwe, halafu ndipo mtu akumbuke kujiandikisha. Askari akikukuta ufukweni, nguo zimelowa, mtoto mgongoni, neno lako la kwanza liwe: naomba hifadhi.

Sina kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho changu. Nirudi nyumbani kuitafuta?

Usirudi.

Askari wanaweza kuturudisha kwa mtumbwi uleule?

Kifungu cha 33 cha mkataba huohuo wa Geneva kinakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Na msiniambie majini hakuna sheria. Mwaka 2009 Italia iliwakamata Wasomali na Waeritrea baharini ikawarudisha Libya. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilivunja haki zao.

Kuna mtu Butembo anauza fomu za kwenda Kanada kama mkimbizi. Ni za kweli? (Barua nyingi, nazijibu pamoja.)

Ni mwizi. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haiuzi fomu, wala nafasi, wala miadi. Tena, kupelekwa nchi ya tatu ni kwa mkimbizi aliyekwisha kuvuka mpaka wa nchi yake. Wewe uko Butembo, hata kama ulikimbia Kanyabayonga: kwa sheria ni mhamishwa wa ndani, na haki zako zimo katika Mkataba wa Kampala wa 2009. Fomu hiyo haikufungulii mlango wowote. Dai dola zako mbele ya mashahidi.

Mtumbwi umejaa, mwenye chombo anasema tutafika tu. Tupande?

Machi 2014 chombo kilizama Ziwa Albert na wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirudi kwao kutoka makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda. Walikufa zaidi ya 100. Ngojeni kingine, isipokuwa risasi zimewafikia.