Staji ya biolojia: mwanafunzi wa Bunia aanzie wapi?

*Mwalimu wa biolojia anajibu maswali ya wanafunzi.*

Profesa, rafiki amenitumia kwa WhatsApp tangazo la staji ya utafiti wa biolojia Marekani, mwezi wa sita hadi wa nane, kwa wanafunzi wa jamii zisizo na watu wengi katika sayansi. Niombe?

Usipoteze megabaiti zako. Nyingi za staji hizo ni za REU, mpango wa NSF, shirika la serikali ya Marekani linalogharamia sayansi. Zinadai uraia wa Marekani au ukaazi wa kudumu. Lakini kama una ndugu aliyepelekwa kule kama mkimbizi, akapata ukaazi huo na sasa anasoma chuo, mtumie tangazo leo hii. Yeye anaweza kuomba, na akichaguliwa analipwa posho. Anayekudai dola ili "akufungulie dosye" ni mwizi.

Basi sisi wa Ituri tukae tu?

Hapana! Tangu 1994, ndani ya Hifadhi ya Okapi, karibu na Epulu, kuna viwanja vya Lenda na Edoro, hekta 40 kwa jumla. Kila mti wenye unene wa kuanzia sentimeta 1 hupimwa na kupewa namba. Corneille Ewango, aliyesomea biolojia Kisangani, alibaki Epulu wakati wa vita, akaficha mimea iliyokaushwa isiporwe. Mwaka 2005 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Sikutumi Epulu kesho. Hatari ya barabara ya Komanda hadi Mambasa unaijua mwenyewe, na mwaka 2012 wavamizi waliua hata okapi 14 katika kituo cha hifadhi pale Epulu. Mwombe mwalimu wako aandikie Chuo Kikuu cha Kisangani kuhusu vipimo vya miti hiyo ya Lenda na Edoro. TFC (kazi ya kumalizia masomo) nzuri huweza kuandikwa hapa Bunia kwa vipimo vilivyokwisha kukusanywa. Au tazama tauni: ugonjwa huu ungali unatokea Ituri, kwa mfano Rethy, na viroboto wa panya wanahitaji watu wa kuwachunguza. Usitege panya peke yako. Nenda kwanza kwa daktari mkuu wa eneo la afya.

Na Bambuti, watu wa asili wa msitu wa Ituri?

Hapo tuna deni. Mmbuti humtajia mtafiti majina ya miti siku nzima, kisha ripoti inatoka bila jina lake. Sheria ya nchi yetu ya Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili, lakini haimwandikishi mtu chuoni. Wakuu wa idara, tengeni nafasi kwa vijana wa Mambasa, na kwa wasichana pia. Nanyi wanafunzi, andikeni barua ya ukurasa mmoja ya kuomba staji kabla ya likizo kubwa, si baada yake.